Kadi za picha kwa mtoto mwenye usonji: jinsi ya kuanza nyumbani

Kadi ya picha ni kipande cha manila cha sentimita 5 kwa 5. Mtoto anakichukua, anamfuata mtu, anakiweka kwenye kiganja cha mtu huyo, anapewa alichoomba. Kazi kubwa iko kwenye kumfuata mtu. Watoto wengi wenye usonji hukwama hapo kuliko hata kwenye matamshi: hawajaona bado kwamba yule aliyesimama jikoni ndiye anayeweza kufungua kopo la biskuti. Ndiyo maana picha 40 zilizobandikwa ukutani, hata zikiwa nzuri namna gani, hazimsaidii sana anayeanza. Ataigusa picha ya maji, hakuna aliyemwona, atalia kama kawaida. Kadi ya kukabidhi inamlazimu amtafute mtu.

Hatua za mwanzo tunazoeleza hapa zinafuata mfumo wa kubadilishana picha uitwao PECS, ulioanzishwa na Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware, Marekani, mwaka 1985. Mfumo wenyewe una hatua 6. Baadaye tutaongeza ubao wa maneno, kwa sababu mtoto aliyefundishwa kuomba tu bado ana mengi ya kusema: kukataa, kulalamika, kuonyesha, kusema anaumwa.

Kuna swali ambalo bibi atauliza, baba atauliza, na mwalimu pia: "Akizoea picha, si ndiyo hatasema kabisa?" Mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser walipitia tafiti kuhusu watu wenye ulemavu wa ukuaji waliopewa picha, ishara za mikono au vifaa vya kuongelea. Katika visa 27 vyenye ushahidi madhubuti, hakuna aliyepungukiwa usemi, na asilimia 89 waliongeza, ingawa wengi wao kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo usimwahidi bibi kwamba kadi zitamfanya mjukuu aseme. Mwambie hazitamzuia.

Kabla ya kuanza, mpelekeni mtoto akapimwe masikio na macho. Mengine hayahitaji kusubiriwa. Si lazima kwanza ajue kukaa kitini, wala kumtazama mtu machoni, wala kufikisha umri fulani. Kama mnaweza kumpata mtaalamu wa tiba ya lugha na matamshi, mshirikisheni tangu mwanzo. Kama foleni yake ni ya miezi, anzeni huku mkisubiri.

Kivutio kwanza, kadi baadaye

Mtoto hatatembea hata hatua mbili kwa ajili ya kitu asichokitaka. Kwa hiyo siku ya kwanza hakuna kadi. Kuna meza, na vitu kama 8 au 10: biskuti, ndizi, juisi, puto, mapovu ya sabuni, tochi, mpira, ngoma ya kopo. Weka viwili mbele yake, vikiwa na nafasi ya sentimita 30 hivi katikati, uone mkono unakwenda wapi. Andika. Badilisha viwili vingine. Ukifika raundi ya kumi utakuwa na orodha ya vitu vitatu au vinne anavyovitaka kweli, na mara nyingi havitakuwa vile ulivyodhani.

Chagua kitu kinachokwisha chenyewe. Mapovu yanapasuka, kipande cha biskuti kinaliwa, puto lililopulizwa bila kufungwa linaruka na kuishiwa upepo. Simu ni kivutio kikali lakini ni mwanzo mbaya: kila baada ya nusu dakika itabidi umnyang'anye ili aombe tena, na somo litageuka vita. Biskuti moja ivunjwe vipande 8. Juisi iwe vijiko viwili kwenye kikombe, si kikombe kizima. Mtoto aliyepewa soda nzima kwa kadi moja hana sababu ya kuomba tena hadi jioni, nawe umepata zoezi moja pale ulipoweza kupata 15. Karanga nzima na ubuyu wenye kokwa usimpe mtoto mdogo wa chini ya miaka 5, vinakaba.

Kivutio cha jana si lazima kiwe cha leo. Kila unapoanza, toa kipande kimoja bure. Akigeuza uso, usitoe kadi ya kitu hicho; tafuta kingine.

Kutengeneza kadi

Kwa vitu vya nyumbani piga picha za vitu vyenyewe: kikombe chake, ndoo ya kuogea, mlango wa choo chenu, bajaji. Weka kitu juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, uzime taa ya kamera, maana karatasi za pipi na biskuti hung'aa na kufuta picha katikati. Usipige juu ya kanga yenye maua. Kuna watoto watakaoshika maua ya kanga kama ndiyo jina la kitu, na ukibadilisha picha hawaijui tena. Pia jiulize mtoto anakitambua kitu kikiwa na sura gani. Kama anachokijua ni pakiti nyekundu, piga pakiti. Biskuti iliyokwishatolewa inaweza kuwa kitu kingine machoni pake.

Kwa maneno yasiyopigika picha, kama TENA, SITAKI, NGOJA, NISAIDIE, tumia michoro. Mkusanyiko wa ARASAAC, mali ya serikali ya jimbo la Aragón nchini Hispania, michoro ikiwa kazi ya Sergio Palao, una maelfu ya michoro ya kupakua bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Mkusanyiko uitwao Mulberry nao ni wa bure. Chukua humo vitenzi na maneno ya hisia, lakini kagua majina ya vitu kabla ya kuprinti. Mchoro wa choo huwa ni kiti cheupe chenye kifuniko, na kama chenu ni cha kuchuchumaa mtoto hana namna ya kuuhusisha. Mchoro wa mkate ni slesi moja. Ugali, kata ya maji, jiko la mkaa na daladala utavipiga mwenyewe.

Halafu kuna maneno yenye maana mbili. Neno "basi" ndilo tunalotumia kusema imetosha, na mtu anayetafuta mchoro wake kwa neno hilo anaweza kurudi na gari la abiria. "Mbuzi" ni wa zizini na ni wa kukunia nazi. "Kata" ni kitenzi na ni chombo. Kwa BASI tumia mchoro wa mikono iliyofunguliwa, viganja juu, vitupu, na kama mtoto anapenda magari, gari lake liandikwe DALADALA ili neno moja lisibebe kadi mbili.

Andika neno juu ya picha, si chini yake. Mtoto akishika au kugusa, vidole vyake huja kutoka chini, na mtu mzima anaendelea kuliona neno. Watu wote wa nyumbani walisome neno hilohilo. Dada asiseme "keki" pale mama anaposema "biskuti".

Karatasi moja ya A4 inatoa picha 20 za sentimita 5 (safu 4 kwa 5). Ukienda steshenari kuzifunika plastiki, usifunike karatasi nzima kisha ukakata. Kingo zitakuwa wazi, mate na maji yataingia, na baada ya wiki mbili kadi zimevimba. Kata picha kwanza, zipange ndani ya plastiki zikiachana milimita 6, zifunikwe, ndipo ukate ukiacha ukingo wa milimita 3 kila upande. Kwa mpangilio huo plastiki moja ya A4 inaingiza picha 15, si 20. Pembe zikate mviringo, kwa sababu ncha ya plastiki inachoma. Kama hakuna mashine, selotepu pana pande zote mbili inafaa, nayo iachiwe ukingo uleule. Mtoto anayetafuna kadi, mbandikie picha kwenye kipande kilichokatwa kutoka dumu la mafuta ya kula la lita 5, kingo zikiwa zimesuguliwa kwa msasa.

Nyuma ya kadi inakaa velkro, ule utepe wa viatu vya watoto unaolia kwaraa ukiuachanisha. Mita moja ukiikata vipande vya sentimita 2 unapata 50. Weka upande laini kwenye kadi na upande wa kukwaruza kwenye faili la kutunzia kadi, kwa kadi zote bila kubadili. Kadi zenye upande wa kukwaruza hunasa kwenye nguo na mkeka. Velkro yenye gundi yake huachia kwenye joto, hasa pwani. Dawa yake ni faili la kitambaa: mpe fundi cherehani kipande cha jinzi au turubai cha sentimita 30 kwa 40, ashone mistari mitatu ya utepe, na kitanzi juu cha kutundikia kwenye msumari.

Tengeneza kila kadi mbili. Ya pili iweke kwenye bahasha.

Kukabidhi

Hapa wanatakiwa watu wazima wawili, na hapa ndipo wengi hufupisha wakajuta. Mmoja anakaa mbele ya mtoto akiwa ameshika biskuti: huyu ni mpokeaji. Mwingine anakaa nyuma ya mtoto: huyu ni msaidizi. Kadi iko moja tu, katikati, karibu na mkono wa mtoto.

Mpokeaji anaonyesha biskuti, anakula kipande kidogo, anasubiri. Hasemi. Mtoto ananyoosha mkono kuikamata biskuti. Hapo, wala si kabla, msaidizi anaushika mkono ule kutoka nyuma, anauelekeza kwenye kadi, anamsaidia kuichukua, kuipeleka mbele na kuiachia. Mpokeaji anafungua kiganja pale tu mkono wenye kadi ulipoanza kuja kwake. Kadi ikitua, biskuti inatoka papo hapo, pamoja na neno moja la uchangamfu: "Biskuti!" Mtoto anakula, msaidizi anairudisha kadi mahali pake, wanaanza tena. Mara 10 hadi 15, dakika tano, mnaacha kabla hajachoka.

Msaidizi hasemi neno, hapigi makofi, hamsifu mtoto sikioni. Akifanya hivyo mtoto atageuka nyuma, na anayepaswa kutazamwa ni aliye mbele.

Mpokeaji naye haulizi "Unataka nini?" wala hasemi "Nipe picha." Huu ndio mwiko mkubwa wa hatua hii. Mtoto anayeanza kwa kuulizwa hujifunza kwamba kadi ni jibu la swali, na siku asipoulizwa atakaa na kiu yake mbele ya faili lililojaa picha. Kiganja kilichofunguliwa mapema kina kosa hilohilo, kwa sababu ni swali lisilo na sauti.

Msaada unapunguzwa kutoka mwishoni kuja mwanzoni. Kwanza mwacheni aachie kadi mwenyewe, huku bado mnamsaidia kuichukua na kuipeleka. Siku mbili tatu baadaye mwacheni apeleke na kuachia. Mwisho, achukue mwenyewe. Akitoa kadi bila kuguswa mara 8 kati ya 10, siku mbili mfululizo, kwa wapokeaji wawili tofauti, hatua imekwisha. Kuna mtoto huimaliza kwa siku tatu, kuna wa mwezi.

Kuna malezi yetu mema yanayoharibu hatua hii. La kwanza ni mkono wa kushoto. Mtoto akitoa kadi kwa kushoto, mtu mzima husema "Mkono wa kulia!" na kurudisha kadi, na mtoto haelewi kilichokataliwa ni nini, anachokiona ni kwamba safari hii kadi haikufanya kazi. Pokea. Mkono wa kulia utafundishwa baadaye kwa kuiweka kadi upande wa kulia na kwa msaada wa nyuma, bila maneno. La pili ni "Sema ahsante kwanza," au "Sema biskuti ndipo nikupe." Kadi ndiyo sauti yake; ameshasema. La tatu ni bibi anayempa kabla hajaomba, kwa huruma. Bibi apewe cheo cha mpokeaji. Hufanya vizuri sana, kwa sababu ana subira.

Kama kwenu yupo mtu mzima mmoja tu mchana, tafuteni wa pili hata kwa dakika kumi jioni: jirani, dada wa kazi, kaka wa miaka 12. Ukifanya peke yako, mkono uleule unaosaidia ndio unaopokea, na mtoto anajifunza kusubiri mkono wako uje kumshika.

Umbali

Mpokeaji anarudi nyuma nusu hatua. Halafu hatua moja. Halafu mita 2, halafu upande wa pili wa chumba, halafu jikoni huku mtoto yuko sebuleni. Ukiona anasita, umeenda mbali haraka. Rudi umbali wa mwisho alioufaulu. Sogeza kitu kimoja kwa wakati: ama mpokeaji anakwenda mbali na mtoto, ama faili linakwenda mbali na mtoto, si vyote siku moja.

Kisha mpokeaji ageuze mgongo, ajifanye anakatakata vitunguu. Mtoto avute nguo au aguse bega. Ujuzi huu ndio utakaomsaidia darasani na sokoni, kwa hiyo msiupite mbio. Msaidizi wa nyuma bado yupo kuongoza mwili, sasa mara chache.

Faili liwe na msumari wake mmoja, urefu wa mkono wa mtoto. Kosa la kawaida kuliko yote ni faili kuwekwa juu ya kabati "lisipotee". Tengenezeni la pili na mliache lichafuke.

Kuchagua

Hadi hapo mtoto haangalii picha. Amejifunza tu kwamba kadi inaleta mambo. Ukiweka kadi mbili atachukua iliyo karibu, na huo si ujeuri.

Anza na kadi ya kitu anachokipenda na kadi ya kitu asicho na haja nacho: biskuti na soksi. Akigusa tu kadi ya biskuti, onyesha furaha hapo hapo, kabla hata hajaitoa. Akitoa soksi, mpe soksi. Atashangaa, ataisukuma. Ndipo unasahihisha kwa mpangilio huu:

1. Gusa kadi sahihi mara moja au mbili hadi aitazame.
2. Fungua kiganja karibu nayo, au msaidie, aitoe. Msifu kwa neno, lakini biskuti bado.
3. Mtoe kidogo kwenye mawazo hayo: "piga makofi", au geuza faili juu chini.
4. Mrudishe mwanzo: onyesha biskuti na soksi, usubiri. Akitoa sahihi safari hii, apate biskuti.

Wengi humpa biskuti kwenye namba 2. Mtoto hujifunza mnyororo: toa soksi, subiri aguse nyingine, toa hiyo, kula. Ukiona kila biskuti inatanguliwa na soksi, sababu ndiyo hiyo.

Hamisha kadi mara kwa mara, kulia, kushoto, juu, chini, la sivyo atajifunza mahali badala ya picha. Akishamudu, weka vitu viwili anavyovipenda. Hapo huwezi kujua kwa uso kama alichagua kwa makusudi, kwa hiyo mshikie sinia lenye vyote viwili useme "Chukua." Aliyetoa kadi ya ndizi akachukua biskuti hakusoma kadi, zuia mkono taratibu na usahihishe. Ongeza kadi hadi 5 kwenye ukurasa. Mtoto asiyepiga hatua kwa wiki mbili mjaribu picha kubwa ya sentimita 8, au kitu chenyewe kama kadi: kifuniko cha chupa kilichobandikwa velkro.

NATAKA, na Kiswahili chake

Sasa inaingia kadi ya NATAKA na mkanda wa sentensi, kipande cha sentimita 5 kwa 20 chenye velkro. NATAKA inakaa kushoto tayari. Mtoto anaongeza picha ya kitu, anatoa mkanda mzima. Akizoea, aipachike na NATAKA yenyewe.

Mbao nyingi zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza huwa na MIMI, KUTAKA, MAJI, na mtu mzima akisoma anapata "mimi kutaka maji", lugha ambayo hakuna anayeiongea nyumbani. Kiswahili kinabeba mtendaji na wakati ndani ya kitenzi, kwa hiyo NATAKA ni kadi moja. SITAKI nayo ni kadi yake yenyewe, yenye mchoro tofauti kabisa. Usitumie mchoro wa NATAKA uliopigwa alama nyekundu ya X juu yake, kwa sababu kwa mtazamo wa haraka ni kadi zilezile.

Sifa inakuja baada ya jina: NATAKA, MPIRA, NYEKUNDU. Ukifuata mwongozo wa kigeni unaotanguliza rangi utamfundisha mtoto sentensi iliyopinduka. Na usitengeneze kadi za mwekundu, jekundu, chekundu na wekundu. Kadi ya rangi iwe moja, NYEKUNDU, na upatanisho ufanywe na anayesoma: mtoto anatoa NATAKA, GARI, NYEKUNDU, wewe unasoma huku ukigusa, "Nataka gari jekundu." Atayasikia maumbo sahihi mara mamia bila kuulizwa sarufi. Sifa ifundishwe pale anapoijali. Anayependa kalamu ya bluu tu atajifunza bluu kwa siku moja.

Unaposoma mkanda, sema "Nataka..." kisha nyamaza kwa sekunde 3 hadi 5 kabla ya kutaja kitu. Katika ukimya huo watoto wengine huanza kutoa sauti. Akitoa sauti yoyote, mpe kikubwa zaidi. Akinyamaza, taja mwenyewe na umpe kama kawaida. Kumnyima hadi aseme ni kurudi nyuma kule tulikotoka.

Swali "Unataka nini?" linaruhusiwa kuanzia sasa, lakini lichanganywe na nyakati nyingi asizoulizwa. Baada ya hapo zinakuja NAONA na NASIKIA: ndege imepita, muadhini ameanza, mvua imegonga bati. Malipo ya NASIKIA – MVUA ni wewe kushangaa pamoja naye, "Enhee, mvua!", si biskuti. Ukimpa biskuti atadhani mvua ni njia nyingine ya kuomba chakula.

Ubao wa maneno 20

Sambamba na kadi, tengeneza ubao wa A4 wa visanduku 20 usiobadilika: NATAKA, SITAKI, TENA, BASI, NISAIDIE, NIPE, FUNGUA, FUNGA, TIA, TOA, ANGALIA, TWENDE, NGOJA, MIMI, WEWE, HAPA, WAPI, NZURI, MBAYA, NAUMWA. Ni vitenzi na maneno ya kuongozea, kwa sababu hayo ndiyo yanayotumika kwenye uji, kwenye kuoga na kwenye mchezo vilevile. Neno likishapewa kisanduku lisihamishwe, maana kidole hujifunza njia.

Ubao huu anautumia mtu mzima kwanza. Chukua uji wa asubuhi. Bakuli mbili, sukari pembeni. Unasema "Tia sukari" huku kidole kikigusa TIA. Unakoroga, unaonja, unakunja uso: "Mbaya, bado haina sukari," unagusa MBAYA. Unagusa TENA, unaongeza nusu kijiko. Kisha unaacha kijiko juu ya sukari, unamtazama, unahesabu kimoyomoyo hadi 10. Sekunde kumi ni ndefu mno kwa mtu mwenye haraka ya kazi. Akigusa chochote, kitendee kazi kama kimesemwa: amegusa TOA, toa kijiko. Asipogusa, gusa TENA mwenyewe, tia, endelea. Usimshike kidole, usiulize "TENA iko wapi?" Kinachotakiwa ni aone picha zikitumika, kama mtoto mchanga anavyosikia maneno mwaka mzima kabla ya kutamka la kwanza. Maneno mawili au matatu kwa shughuli moja yanatosha.

SITAKI na BASI zifundishwe mapema, pamoja na NATAKA, hasa kwa mtoto anayeuma au kujigonga kichwa. Mpe kitu asichokipenda, msaidizi amwongoze kugusa SITAKI, kitu kiondoke mara moja. Wiki za mwanzo SITAKI iheshimiwe kila mara, hata ikiwa mboga za majani zitabaki sahanini. Kwa hiyo usiifundishie kwenye dawa au kuvuka barabara, ambako huwezi kuikubali.

NAUMWA haifundishiki wakati wa maumivu makali. Igusie wewe ukijikwaa kidole, mgusie yeye akiumwa na mbu, kisha mwonyeshe mchoro wa mwili aguse mahali.

Ratiba si ombi

Kadi za ratiba hupangwa na mtu mzima kumwambia mtoto kitakachofuata: KWANZA kuoga, HALAFU bembea. Mwanzo ziwe mbili tu, na kila kilichokwisha kitumbukizwe kwenye mfuko wa IMEKWISHA. Zitofautishe na kadi za kuomba kwa ukingo wa rangi nyingine na mahali pengine ukutani. Zikichanganyika, mtoto atachomoa BEMBEA kwenye ratiba na kukuletea saa mbili usiku, nawe ukikataa utakuwa umeiharibu kadi, na ukikubali utakuwa umeiharibu ratiba.

Kukataa bila kunyang'anya

Mtoto aliyegundua nguvu ya kadi ataleta kadi ya biskuti mara 40 kwa siku. Ni usumbufu mzuri. Usiiondoe kadi, ni sawa na kumfunga mdomo. Kama kopo limekwisha, mfungulie aone ndani mtupu, ugeuze kadi upande wa pili ulioandikwa IMEKWISHA. Kama ipo ila si wakati wake, pokea kadi, mpe NGOJA mkononi, hesabu sekunde 5, chukua NGOJA, mpe biskuti. Kesho sekunde 10. Baada ya wiki kadhaa dakika 2 zinawezekana. Anayeanza na dakika 10 siku ya kwanza anamfundisha mtoto kwamba NGOJA maana yake hapana.

Ya nje ya nyumba

Toboa kadi 6 ndogo uzitie kwenye pete ya funguo iliyofungwa kwenye begi: MAJI, CHOO, SITAKI, NISAIDIE, TWENDE NYUMBANI, NAUMWA. Usimvishe shingoni kwa kamba isiyokatika. Kondakta na muuza duka hawahitaji maelezo marefu; "akikupa hii anaomba maji" inatosha.

Programu za simu zenye ubao wa picha, kama Cboard, zinafaa baadaye, kwenye simu isiyo ya katuni. Simu ileile ikiwa na vyote viwili, atapita ubao moja kwa moja hadi kwenye katuni. Na betri huisha, kwa hiyo faili la kitambaa libaki kwenye msumari wake, hata kwa mtoto aliyeanza kutamka maneno. Siku ya homa au ya kelele nyingi maneno humpotea na picha humkaa.

Daftari liwe la mistari: tarehe, kitu, alama ya M kwa msaada na P kwa peke yake, majaribio 10 tu kwa siku. Siku tatu bila P kuongezeka, angalia kivutio kwanza, kisha kiganja cha mpokeaji kinafunguka lini, kisha saa ya somo. Picha zote ziwe kwenye folda moja ya simu, kila moja ikiwa na neno lake kama jina la faili, ili kadi ya BISKUTI ikidondoka kwenye daladala Ijumaa jioni, ya bahasha iingie kazini usiku huohuo na nyingine iprintiwe Jumamosi asubuhi.